Mita Haihesabu Kusimama

Majirani zangu wa Kihonda, na ninyi wenzangu wa kwaya mlionisindikiza mpaka stendi ya Msamvu: niliaga siku nne nikarudi baada ya siku kumi na moja, na tangu nirudi kila anayepita getini kwangu ana maswali yaleyale. Gari ni lako? Mbona limechoka hivyo? Na yule mzee ni nani anayekaa ndani yake kila asubuhi, injini inaunguruma, na haendi popote? Wengine mmenong'ona kwamba nina hela za kuchezea. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye mlango. Nimekaa chini niandike mara moja, msome wote, mniache na mpunga wangu.

Msamvu mpaka Shinyanga

Habari za tiketi na makaratasi ya kuhamisha umiliki sitazisimulia, mtasinzia. Mjue tu kwamba shamba langu la Ifakara linataka gari la juu, lenye mkonga, ule mrija unaopanda kando ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa hata likiingia kwenye maji; gari lenyewe nalo watu huliita mkonga. Msimu uliopita pikapu ya kukodi ilizama na magunia yangu mpaka kwenye taa, nikashinda juu ya tuta siku mbili nikilinda mpunga na kulaani. Magari ya hivyo yapo Dar es Salaam, najua. Lakini Baba alinipigia simu kutoka Kolandoto.

"Kulwa," aliniambia, "jicho la kulia limeshaondoka. La kushoto linaona ukungu. Kama unataka gari, njoo nikuchagulie kabla halijafunga."

Hapo lazima nieleze kidogo. Baba yangu alikuwa dereva wa kampuni ya kununua pamba kwa miaka zaidi ya ishirini. Aliwapeleka makarani vijijini, akawarudisha, na mkoa mzima ulimjua kwa jina la gari lake. Kisha, miaka miwili kabla ya kustaafu, alinyang'anywa usukani na kupewa rungu alinde geti la ghala. Walisema dizeli inapotea. Mimi nilikuwa darasa la sita, na shuleni wenzangu wakaanza kuniita Binti Dizeli. Nyumbani Baba alisema neno moja tu, "Sikuiba," akalifunga jambo hilo. Tangu siku hiyo hakuamini karatasi ya mtu wala mita ya gari. Alichobaki nacho ni sifa moja: ukimpa gari dakika kumi, atakuambia limetembea kiasi gani na limelala kwa nani. Sasa macho yakiondoka, sifa hiyo nayo ingeondoka, na angebaki mzee wa kushikwa mkono. Nilijua hilo ndilo alilokuwa ananiomba kwenye simu, gari lilikuwa kisingizio.

Basi letu liliharibika Manyoni tukakaa saa tano. Singida nilikula kuku mgumu aliyenigharimu jino la bandia, msicheke. Aliyekaa pembeni yangu kuanzia hapo alikuwa mama mnene mwenye boksi la vifaranga magotini. Alinisalimia Kisukuma, "Mwadila," na mimi, kwa mazoea ya Morogoro, nikajibu "Nzuri, habari yako." Akageukia dirishani. Mpaka Igunga hakunisemesha. Nilipopokea simu ya Baba na kuanza kumwaga Kisukuma changu, aligeuka akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza kama nilikuwa nimekimeza muda wote huo. Tuliongea mpaka Tinde, akaninunulia matobolwa dirishani. Nilikuwa sijala viazi vile vikavu vya kuchemsha kwa miaka saba, na nilipouma cha kwanza nilisikia harufu ya jiko la marehemu mama. Nilivila vyote, sikumbakizia.

Kolandoto

Baba alikuwa amevaa kaunda suti yake ya kazi tangu alfajiri, na mimi nilifika saa nne. Alikuwa kwenye kiti mlangoni, begi dogo miguuni. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba akinishika uso kwa viganja viwili, akachelewa kuniachia.

Pale nyumbani anaishi na pacha wangu Dotto na mke wa Dotto, Mama Neema. Mama Neema ni mwanamke mwema kabisa, na wema wake ndio uliokuwa unammaliza Baba. Alimwekea kikombe mkononi, alimfunga vifungo, alimjibia maswali. Nilipouliza Baba amelalaje, Mama Neema alisema amelala vizuri. Alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba mzee haoni hata kikombe cha chai, gari atalionea wapi, nisimchoshe bure. Nikamwambia gari halionwi kwa macho. Nilisema kwa kiburi, kwa kuwa nilitaka mzee asikie.

Alisikia. Alisimama mwenyewe, akakosa begi mara mbili, ya tatu akalipata.

Kahama, siku mbili zisizopangwa

Tulikuwa tumeambiwa Kahama kuna magari yaliyotoka migodini, yanauzwa karibu na barabara ya Buzwagi. Dalali tuliyeelekezwa kwake hakutokea siku ya kwanza. Alikuwa kwenye mnada wa ng'ombe. Tukangoja kwa mama ntilie mmoja tukila wali wa Kahama na maharage ya nazi, na Baba akatia neno kila gari kubwa lilipopita. Hili springi zimekufa. Lile dereva wake anaendesha akiwa na hasira. Wateja wakaanza kumsogelea, na mpaka jioni meza yetu ilikuwa na watu kumi.

Kesho yake dalali alikuja, mwanamume mcheshi wa shati la maua, akatuonyesha mkonga mweupe unaong'aa kama sahani ya harusi. Mita ilisema kilometa elfu arobaini. Mimi, nawaambia ukweli, nilishalipenda.

Baba alilizunguka kwa mkono. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha la dereva, mahali mtu anapoegemeza kiwiko. Aliuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho akausikiliza ukirudi. Aliushika mlango akautikisa juu na chini. Mwisho aliinama kwenye pedeli akapapasa raba zote tatu.

"Raba hizi mpya," alimwambia dalali kwa upole. "Gari la kilometa elfu arobaini, mwanangu, raba zake zilikwishaje?"

Dalali alikuna kichwa. Baba akaendelea: ukingo wa dirisha umelika kwa kiwiko cha miaka mingi, mlango umelegea kwenye bawaba, mkanda umechoka. Na skrubu za dashibodi, alisema, nizitazame mimi mwenye macho, nitaona zimekwaruzwa. Nikatazama. Zilikuwa zimekwaruzwa. Mtu alishafungua pale akairudisha mita nyuma.

Dalali akacheka mpaka akakaa chini. Alisema mzee wa aina hii akihamia Kahama biashara zao zitafungwa, akatununulia soda. Kisha kwa aibu, au kwa ucheshi, sijui, akatuambia kwamba kama tunataka gari lisilochezewa, kuna mjane Katoro anaitwa Mama Shija. Mume wake alikuwa akiliendesha kwa mkandarasi mmoja wa mgodini, akaja kulinunua kazi ilipoisha. Alifariki mwaka jana, na mkewe hajui hata kudanganya bei.

Jioni ile Baba alitembea Kahama bila kushika mkono wangu. Aliikanyaga mitaro miwili, lakini hakunishika. Nilimsikia akimsimulia mlinzi wa gesti habari ya zile raba, kisha akamsimulia mfagiaji, kisha akanisimulia mimi niliyekuwepo. Nilifurahi kiasi kwamba sikuona ubaya uliokuwa unaanza. Alishaamini kwamba pedeli zikimwambia kitu, hakuna haja ya kumwuliza mwenye gari.

Kahama kwenda Katoro

Tulipanda kosta ya asubuhi kuelekea Ushirombo na Runzewe. Tairi lilipasuka kabla ya Ushirombo, na la akiba lilikuwa limepasuka juzi yake, kondakta alilisema bila haya yoyote. Tukashuka wote kukaa kando ya barabara. Kundi la ng'ombe likapita katikati yetu, wenye pembe ndefu, na mchungaji wao akamsalimia Baba kwa heshima kubwa akidhani ndiye mwenye basi.

Hapo ndipo kumbukumbu zilinijia. Msimu wa pamba, shule zikifungwa, Baba alikuwa ananichukua. Nilikaa katikati, kati yake na karani, miguu haifiki chini. Alikuwa ananiachia nishike kichwa cha gia, mkono wake juu ya wangu, akikanyaga klachi ananiambia "sasa," na mimi nasukuma. Nilidhani mimi ndiye ninayeendesha. Kulikuwa na harufu ya pamba, vumbi na dizeli, na mpaka leo nikisikia harufu ya dizeli nasikia niko salama. Nilimwambia hivyo pale barabarani. Akatabasamu, akaniuliza kama nakumbuka karani aliyekuwa anatapika kila kona. Nilimkumbuka.

Kisha nikauliza kwa nini safari zile ziliisha ghafla, ingawa jibu nilidhani ninalo. Akasema tairi limekuja, tupande. Tairi halikuwa limekuja. Tulikaa saa nzima tena.

Runzewe tulikula mishikaki na nanasi, tukabadilisha gari, na alasiri tukaingia Katoro na vumbi lake jekundu, maduka ya wanunuzi wa dhahabu na vipaza sauti vya kila dini.

Katoro, kwa Mama Shija

Mama Shija alikuwa anatungoja. Dalali alishampigia simu. Mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, kanga imefungwa kifuani. Alimpigia Baba goti, akatuwekea viti kivulini mwa nyumba. Majirani wawili walikuwa wanabangua karanga barazani, na fundi wa gereji ya jirani, Masalu, aliitwa aje kuwasha gari. Mkonga wenyewe ulikuwa pembeni, wa rangi ya maziwa iliyofifia, umefutwa vumbi mpaka kwenye matairi. Kwenye paa kulikuwa na alama ya duara mahali palipofungwa taa zamani.

Nilisoma mita: elfu sitini na moja.

Baba akaanza kazi yake. Ukingo wa dirisha, mlango, mkanda. Alikaa kwenye kiti cha dereva akapimia shimo la sponji kwa kiganja. Akainama akapapasa klachi, kisha breki. Alirudia klachi. Nilimwona uso ukibadilika, nikadhani ameumia. Akashuka, akanyooka. Alisema kwa sauti ileile aliyomsimulia nayo mlinzi wa gesti, sauti ya kusikika mpaka barazani.

"Gari hili limerudishwa mita. Kiti kimekwisha, raba za klachi na breki zimekuwa laini kama sabuni. Hizi si kilometa elfu sitini, hizi ni laki tatu. Aliyekuwa nalo alikuwa mwizi."

Karanga zikaacha kubanguliwa. Masalu alimtazama Mama Shija. Mimi nilitaka ardhi inimeze, maana neno lile halikuwa la gari, lilikuwa la marehemu, na lilisemwa uani kwake mbele ya majirani zake.

Mama Shija hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema chakula kimeshaiva, tunawe mikono. Wageni wametoka mbali, alisema, hawawezi kuondoka kwake bila kula.

Jamani, nimeshakula vyakula vingi vigumu kumeza, lakini ugali na sato wa siku ile sitausahau. Alimnawisha Baba mikono kwa maji ya vuguvugu. Alimchambulia samaki miiba akamwekea upande wake, kwa kuwa aliona haoni. Hakuna aliyezungumza. Baba alikula polepole, na katikati ya kula akaanza kuhisi kwamba kuna kitu amekivunja, akawa anageuza sikio huku na huku akitafuta sauti ya mtu.

Tuliponawa, Mama Shija aliingia ndani akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu, kingo zimelika. Akanipa mimi. "Soma kwa sauti, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mzee asikie."

Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mkubwa. Nikasoma. Jumatatu, jumla saa kumi na moja, kilometa kumi na nne. Jumanne, jumla saa kumi, kilometa kumi na sita. Jumatano, jumla saa kumi na moja na nusu, kilometa kumi na tatu, gari limesimama, taa inazunguka. Kurasa na kurasa. Mahali pamoja aliandika: leo Shija kazaliwa, nimeruhusiwa mapema, saa nne tu.

Masalu ndiye aliyetufafanulia, akimwelekea Baba kwa adabu. Marehemu alikuwa na kazi ya kusimama ukingoni mwa shimo la mgodi, taa ikizunguka juu ya paa, kuzuia watu wasipite mawe yanapolipuliwa. Saa nyingine aliongoza malori makubwa kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, klachi na breki, klachi na breki. Amri ya kazi ilikuwa injini isizimwe hata dakika moja tangu kuingia zamu mpaka kutoka. Ndiyo maana kule gari linafanyiwa sevisi kwa kuhesabu saa, kilometa hazisemi kitu. Mita haijaguswa, alisema Masalu. Injini imezeeka ikiwa imesimama.

Baba akaniomba nimpeleke tena kwenye gari.

Alikaa kwenye kiti. Alivua kobazi. Akaweka unyayo mtupu kwenye klachi, akauhamishia kwenye breki, kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akauweka kwenye pedeli ya mafuta. Akaupitisha juu, chini, juu tena. Niliinama nikatazama: mistari ya raba ile ilikuwa bado imesimama, mikali, karibu mipya. Angekuwa amekwenda kilometa laki tatu, ile ndiyo ingekwisha kwanza. Baba hakuwa ameigusa. Kahama alizipapasa zote tatu; Katoro zilimtosha mbili.

"Hakwenda popote," alisema, akiwa ameinamisha kichwa kwenye usukani. "Alikuwa amekaa tu."

Nilidhani ataniomba tuondoke. Badala yake aliuliza kama wale waliosikia bado wapo. Nikamwambia wapo. Akaniambia niwaite waje karibu, Masalu na wale majirani wawili, na Mama Shija awe mbele. Akashuka, akasimama akishikilia mlango, miguu mitupu kwenye vumbi.

"Neno nililisema mbele yenu, naliondoa mbele yenu," alisema. "Mume wa mama huyu hakuwa mwizi. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Na mimi, kati ya watu wote, nisingepaswa kusoma vibaya."

Ndipo akasimulia. Gari la kampuni ya pamba lilikuwa na selfu mbovu. Likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe na watu sita. Aliomba selfu mpya, akaambiwa msimu ujao. Vijijini, karani anapima pamba tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na Baba hakuthubutu kuzima injini, asije akamlaza karani na fedha za wakulima porini. Kwa hiyo lilinguruma siku nzima limesimama. Mwisho wa msimu bwana mmoja wa ofisini alichukua kilometa za mita, akachukua dizeli iliyotoka, akaona haviendani. Alimuuliza Baba swali moja tu: dizeli imekwenda wapi?

"Nikamjibu imeungua nikiwa nimesimama," Baba alisema. "Wakacheka, ofisi nzima. Wakanipa rungu."

Miaka zaidi ya thelathini, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia hata nusu ya maneno hayo.

Mama Shija alimsogelea. "Baba," alimwuliza, "kuna mtu aliyewahi kuja kukuambia kwamba hukuiba?"

Baba alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa njia. "Hapana," alisema.

"Basi nakuambia mimi. Hukuiba."

Nililia, sitaficha. Sikulia kwa ajili ya uzuri wa maneno yale. Nililia kwa kuwa lilikuwa neno langu, nilipaswa kulisema mimi tangu darasa la sita, na amekuja kulisema mwanamke aliyetukanwa na sisi mchana uleule.

Siku mbili zilizofuata tulikaa hapohapo; Mama Shija alikataa tulale gesti. Asubuhi Masalu aliliwasha gari likiwa baridi, mkono wa Baba ukiwa juu ya boneti. Moshi ulitoka mweupe, ukakatika. Alifungua kifuniko cha oili akaweka kiganja, injini inapumua kidogo. Chesisi safi, hakuna kutu wala ulehemu. Masalu alinieleza mwenyewe kwamba nisidanganywe na elfu sitini, nihesabu kama injini ya safari nyingi. Baba akakubali. "Imechoka," alisema, "lakini haijaonewa." Bei tulielewana kwa sentensi mbili. Daftari Mama Shija alibaki nalo, na mimi nisingeweza kuliomba.

Kurudi

Niliendesha mimi. Baba alikaa kushoto, dirisha wazi, mkono nje, akiisikiliza injini. Tulipita Runzewe, tukapita Ushirombo, tukapita mahali tulipopasukiwa tairi. Nilijisemesha moyoni mpaka nikachoka, mwisho nikasema.

"Baba, mimi pia nilifikiri uliiba."

Hakugeuka. "Najua," alisema. "Uliacha kunipokea getini."

Ni kweli. Kila jioni nilikuwa nakimbia kupokea mfuko wake, na tangu waliponiita Binti Dizeli sikukimbia tena. Sikuwahi kudhani alihesabu. Nilimwomba msamaha huku barabara imenipotea kwa machozi, naye akanyoosha mkono, akatafuta kichwa cha gia, akakuta mkono wangu upo pale, akauweka wake juu yake.

"Nimeshasamehe zamani," alisema. "Sasa weka gia ya nne, ya tatu inalalamika."

Kolandoto Mama Neema alikuja kumfungulia mlango ashuke. Baba akakataa kushuka. Alisema kwa adabu kwamba anaomba begi lake lile kubwa. Dotto akacheka, Mama Neema akalia kidogo akasema dawa zake atakunywa vipi, nikamwambia tutazinywa pamoja. Ndivyo nilivyorudi kwenu na gari kuukuu na mzee. Daktari wa macho tumeshamwona, hajaahidi kitu.

Kwa hiyo yule ni Baba yangu. Saa moja asubuhi natoka kwanza nalipasha moto, na yeye anakuja akipapasa ukuta, anapanda mwenyewe, anakaa kwenye usukani na miguu mitupu kwenye pedeli. Anakaa nusu saa hivi. Mita haisogei hata kidogo. Mkipita, msalimieni kwa sauti ili ajue ni nani. Wala msiniulize tena kwa nini siizimi injini: dizeli hiyo najua inakokwenda.